Bibi Aliyelikataa Neno "Sisi"

Tangu mwaka 1951, katika mji wa New York, vijana wachache walizoea kukutana kila Jumamosi jioni nyumbani kwa bibi mmoja, mwandishi wa vitabu. Walisoma kurasa mpya za kitabu alichokuwa akikiandika, kisha wakaulizana maswali mpaka usiku wa manane. Wenyewe walijipa jina la mzaha, The Collective, ndiyo kusema "Watu wa Shirika", kama vile wakomunisti wanavyopenda kujiita. Mzaha ule ulikuwa na chumvi yake. Maana bibi yule alifundisha kwamba mtu aishi kwa akili yake mwenyewe na kwa faida yake mwenyewe. Asijitoe sadaka kwa ajili ya mwenzake, wala asimtake mwenzake ajitoe sadaka kwa ajili yake. Jina lake Ayn Rand.

Wasomaji wengine watauliza: Habari za bibi huyo zatuhusu nini? Zatuhusu. Vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni. Mmoja wa vijana wale wa Jumamosi alipata kuongoza benki kuu ya Marekani kwa miaka 18 na zaidi, na dola tunazozishika hata sisi katika masoko ya Kongo zilikuwa chini ya ulinzi wake. Tena bibi huyo aliwahi kushindana kwa kalamu na Baba Mtakatifu mwenyewe, juu ya jambo linalozigusa nchi zetu kabisa.

Alizaliwa katika mji wa St. Petersburg, Urusi, tarehe 2 Februari 1905, katika jamaa ya Wayahudi. Jina lake la utoto lilikuwa Alisa Rosenbaum. Baba yake alikuwa na duka la dawa. Mwaka 1917 Wabolsheviki wakaishika serikali, na baadaye duka likanyang'anywa kwa jina la watu wote. Jamaa ikakimbilia Crimea, ikarudi mwaka 1921, na katika mji ule uliokuwa na fahari zamani wakaonja njaa. Alisa akasoma historia katika chuo kikuu, akamaliza mwaka 1924.

Tusilipite jambo hili upesi. Filosofia hupatikana vitabuni, lakini hupatikana pia mbele ya sahani tupu. Msichana yule aliona kwa macho yake jinsi neno "sisi" linavyoweza kutumiwa kumvua mtu jasho lake lote. Kila aliyempokonya baba yake alisema anafanya hivyo kwa ajili ya wengine. Neno lile likawa sumu kwake, wala hakulisamehe mpaka kufa.

Mwaka 1926 alipata ruhusa ya kwenda Marekani. Akakaa kwanza kwa jamaa zake katika mji wa Chicago, halafu akaenda Hollywood, kwenye kazi ya sinema. Huko walikuwa wakitengeneza sinema ya maisha ya Bwana wetu Yesu Kristu, iitwayo The King of Kings, naye akapata kazi ya siku kwa siku ya kusimama katika makundi ya watu. Katika kazi ile alimwona kijana mzuri mwenye sehemu ndogo, Frank O'Connor. Wakaoana mwaka 1929. Ndiyo ajabu ya dunia: bibi aliyeikana dini maisha yake yote, mume wake alimpata katika sinema ya Yesu.

Mwaka 1938 alitoa huko Uingereza kitabu kidogo, Anthem. Humo kuna nchi ambayo watu wake wamelisahau kabisa neno "mimi". Hata mtu akiwa peke yake husema "sisi". Mwisho kijana mmoja analivumbua tena neno lile lililopotea. (Sisi tunaoandika hapa husema "sisi" kwa desturi ya gazeti, bila shaka angetucheka.) Mwaka 1943 kikatoka The Fountainhead, kilichokwisha kukataliwa na wachapaji 12. Ni habari ya mchoraji wa majumba, mtu asiyeinama kwa yeyote. Watu wakageuza ramani yake ya nyumba za maskini, naye akaipasua kazi ile kwa baruti, na baraza likamwachilia. Mwaka 1957 kikafuata kile kikubwa, Atlas Shrugged, chenye kurasa zaidi ya 1000, ambamo wenye viwanda na wavumbuzi wanagoma, wanajificha milimani, na kuiacha dunia ianguke bila wao.

Tuyaeleze mafundisho yake kwa haki, maana wengi humsingizia. Hakufundisha wizi, wala uwongo, wala kumdhulumu jirani. Alisema mtu mwema ni kama mfanya biashara: anatoa kitu chema, anapokea kitu chema, na kila mmoja anakwenda zake bila deni. Kumtendea mwenzako kwa nguvu alikuhesabu kuwa ubaya mkubwa. Aliheshimu kazi. Aliuchukia uvivu na kujipendekeza kwa wakubwa. Na nani kati yetu hajamwona kijana wa mshahara mdogo akiliwa na jamaa nzima, hata anakosa pesa ya kumlipia mtoto wake shule? Kijana wa namna hiyo akikisoma kitabu cha Rand atapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hatushangai.

Lakini mfanya biashara yule alitoka tumboni mwa mama, na maziwa aliyonyonya hakuyanunua. Watoto ni haba sana katika vitabu vya bibi Rand. Wagonjwa na wazee nao hawapewi nafasi kubwa. Ni watu wenye nguvu tu, warefu, wenye macho makali, wanaojua wanachotaka. Rand alikubali kwamba mtu aweza kumsaidia mwingine akipenda, lakini alikataa kabisa kwamba ni wajibu wake.

Ubishi ulianza mara, tena haukutoka kwa wakomunisti tu. Mwaka 1957 gazeti National Review, lililoanzishwa na Mkatoliki William F. Buckley, lilimpa Whittaker Chambers kukichambua kitabu kile kikubwa. Chambers alikuwa mkomunisti zamani, akaacha. Alijua harufu ya mambo hayo. Aliandika kwa ukali kwamba katika kila ukurasa anasikia sauti ya mtu asiyeweza kuvumilia kupingwa. Rand hakumsamehe Buckley. Naye Buckley alisimulia kwamba siku walipojuana, neno lake la kwanza lilikuwa kumwambia kwamba ana akili nyingi mno kwa mtu anayemsadiki Mungu.

Na sasa tuwarudie vijana wa Jumamosi, maana ndipo filosofia hii ilipopimwa. Mkubwa wao alikuwa Nathaniel Branden, mzaliwa wa Kanada, aliyeanza kwa kumwandikia Rand barua. Mwaka 1958 alianzisha masomo ya kuyaeneza mafundisho yake, na baadaye sauti zao zikapelekwa kwa kanda katika miji zaidi ya 80. Watu walilipa, wakaketi mbele ya mashine, wakasikiliza. Waliokuwamo walisimulia baadaye kwamba haikutosha kukubali mafundisho ya serikali na ya mali. Rand alimpenda Rachmaninoff, hakumpenda Beethoven. Basi wanafunzi nao wakaona haya kusema kwamba muziki wa Beethoven unawagusa. Shule ya watu wa kujifikiria wenyewe ikawa shule ya kutazama uso wa mwalimu kwanza. John Hospers, mwalimu wa filosofia wa chuo kikuu, alikuwa rafiki yake kwa muda, wakizungumza mpaka alfajiri. Mwaka 1962 Rand alitoa hotuba katika mkutano wa wataalamu huko Harvard, na Hospers akaijibu kwa kuikosoa, kama ilivyo desturi ya wataalamu. Urafiki ukakoma usiku ule.

Tarehe 26 Machi 1967 Papa Paulo VI alitoa barua yake Populorum Progressio, juu ya maendeleo ya mataifa. Mwaka uleule Rand akaijibu kwa makala aliyoiita Requiem for Man, kana kwamba barua ile ni Misa ya kumzika binadamu. Alisema Papa anaichukia akili, na kwamba anataka kuwafanya wenye uwezo kuwa watumwa wa wasio na uwezo. Tunakiri kwamba aliisoma barua kwa uangalifu kuliko Wakatoliki wengi. Hata hivyo alisikia ndani yake sauti ya wale walioingia katika duka la baba yake. Eklezia haikatai mali ya mtu: Papa Leo XIII aliitetea waziwazi mbele ya wasosialisti mwaka 1891. Anachosema Paulo VI ni kwamba haki ya mali si haki isiyo na mpaka, na kwamba mtu hana haki ya kujiwekea ziada huku wengine wamekosa riziki.

Kuna sehemu nyingine katika barua ile, na kwetu ndiyo yenye uzito. Leo XIII alikuwa amefundisha kwamba mfanyakazi na bwana wake wakipatana mshahara, mapatano peke yake hayafanyi mshahara kuwa wa haki, kwa sababu mwenye njaa hukubali lolote. Paulo VI aliichukua kanuni ileile akaitia katika biashara ya mataifa. Nchi moja inauza mashine, nyingine inauza mazao na mawe ya migodi ambayo bei yake hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Zikikutana sokoni, je, zote mbili ni wafanya biashara huru? Mtu wa Katanga hahitaji kufafanuliwa swali hilo. Rand aliona nguvu pale tu ambapo kuna bunduki au sheria ya serikali. Nguvu ya njaa hakuihesabu kuwa nguvu, ingawa yeye mwenyewe aliijua.

Mwaka 1968 shule yake ilivunjika, na sababu yake ilifichwa kwa miaka mingi. Tangu katikati ya miaka ya 1950 Rand na Branden walikuwa na mapenzi yasiyo halali, naye Branden ni mdogo wake kwa miaka 25. Hawakuwaficha mume na mke wao; waliwaita, wakawaeleza kwa hoja kwamba jambo hilo ni la akili, na wale wawili wakakubali. Ndipo tunapoona ubaya wa hoja ikikaa mahali pa dhamiri: kila kitu kilielezwa vizuri, na watu wanne wakaumia. Branden alipompenda msichana mwingine alimdanganya Rand kwa miaka, yeye mwalimu wa ukweli. Alipojua, Rand akamfukuza, akatangaza katika gazeti lake kwamba wamekosana, akimshitaki kwa makosa mengi bila kulitaja lile lenyewe. Wafuasi ikawabidi kuchagua upande bila kujua wanachagua nini. Wengi walichagua upande wa bibi. Habari kamili ilitoka mwaka 1986, mke wa zamani wa Branden alipoandika kitabu, na Rand alikuwa amekwisha kufa. Mumewe O'Connor, mtu mpole aliyependa maua na kuchora picha, hakuacha neno lolote.

Katika uzee wake Rand alipasuliwa kwa ajili ya kansa ya mapafu, akapokea malipo ya wazee yanayotolewa na serikali, yaleyale aliyoyapinga. Adui zake hulicheka hilo. Sisi hatucheki, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1966 kwamba aliyetozwa kodi kwa nguvu aweza kurudishiwa mali yake. Alikufa New York tarehe 6 Machi 1982, na penye maziko yake watu waliweka maua yaliyofumwa kwa mfano wa alama ya dola, marefu kama mtu. Mwaka 1989 wafuasi waligawanyika tena. Leonard Peikoff, mrithi wake, alisema mafundisho ya Rand yamekamilika, hayaongezwi neno. David Kelley alisema filosofia ya akili haiwezi kufungwa kama sanduku, na kwamba kuzungumza na wapinzani si dhambi. Kelley akatolewa, akaanzisha chama chake.

Kati ya vijana wa Jumamosi, aliyepanda juu zaidi ni Alan Greenspan, aliyeongoza benki kuu ya Marekani tangu 1987 mpaka 2006. Mwaka 2008 mabenki makubwa yakaanguka, na mamilioni ya watu katika nchi nyingi wakapoteza kazi na nyumba. Tarehe 23 Oktoba mwaka ule Greenspan, mzee wa miaka 82, aliitwa mbele ya wabunge. Alisema alitumaini kwamba mabenki, kwa kuitafuta faida yao wenyewe, yangelinda mali ya wenye hisa, na kwamba ameshangaa hata haamini. Mwenyekiti akamwuliza kama maana yake ni kwamba mawazo aliyoyashika juu ya dunia hayakuwa sawa. Akajibu kwamba ndivyo hasa. Ndiyo maana alishangaa, kwa kuwa kwa miaka 40 na zaidi alikuwa ameyaona yakienda vizuri sana.

Wafuasi wa bibi Rand hawakukaa kimya. Walisema Greenspan aliyaacha mafundisho zamani, siku alipokubali kuongoza benki ya serikali, yeye aliyeandika mwaka 1966 kuitetea fedha ya dhahabu. Na kwamba faida ya kweli ya mtu haikupewa nafasi hata siku moja. Wapinzani wao wakajibu kwamba kila dini ya kidunia husema hivyo siku inaposhindwa. Wakaendelea kubishana.