Upepo Usio na Mwenyewe: Mashindano ya Eropleni ya 1936 na Haki ya Mchezo

Mji wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927 na kunawiri upesi kwa sababu ya dhahabu iliyokuwa ikichekechwa mchangani kule Lupa, upande wa Chunya, ulijaaliwa mwaka 1932 heshima ambayo bandari kongwe za pwani yetu ziliikosa wakati huo, nayo ni kuwekwa kuwa kituo katika njia ya eropleni za shirika la Imperial Airways baina ya London na Cape Town. Safari ya kwanza iliondoka London tarehe 20 Januari. Ikishatoka Nairobi njia ilipita Moshi na Dodoma, ikatua Mbeya, kisha ikavuka mpaka kuelekea Mpika na Broken Hill, mji uitwao leo Kabwe. Barua ambayo zamani ilikaa majini majuma kadhaa, kisha ikachukuliwa kwa reli na kwa lori hata kufika Nyanda za Juu za Kusini, sasa ilishuka kutoka mbinguni pamoja na magazeti.

Kutua hapo hakukuwa jambo jepesi. Mji uko katika kimo cha mita zipatazo 1,700, chini ya safu ya milima ambayo kilele chake kinazidi mita 2,800, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi, hasa jua likishapanda, hata eropleni yenye shehena kubwa huhitaji uwanja mrefu zaidi ndipo iweze kupaa. Juu ya hayo upo upepo. Mtu wa pwani aliyezoea kusi na kaskazi, pepo ambazo huja kwa majira yake na nahodha hupanga safari ya mwaka mzima kwa kuzitegemea, akifika Mbeya katika miezi ya kiangazi huona upepo wa tabia nyingine kabisa: asubuhi umelala, adhuhuri umeamka na kubeba vumbi la Uyole, unapita baina ya milima ya Mbeya na ile ya Poroto kama mtu aliyekosa mlango, jioni unapungua, na kesho yake hautabiriki kwa kuutazama wa jana.

Nimeutaja upepo kwa sababu mwaka 1936 palifanyika mashindano ambayo yalipita katika anga la pande hizi, nayo yalifungua mas'ala ambayo vijana wetu wa leo, wachezao gofu katika simu kwa njia ya intaneti, wameyakuta upya bila ya kujua kwamba ni ya kale. Tajiri mmoja wa Afrika Kusini, Isidore Schlesinger, alitoa pauni 10,000 kwa ajili ya mashindano ya eropleni kutoka Portsmouth, Uingereza, hata Johannesburg, mji uliokuwa ukifanya maonyesho makubwa kuadhimisha miaka 50 ya kuwako kwake. Walioandikishwa walikuwa 14. Walioondoka alfajiri ya tarehe 29 Septemba walikuwa 9. Aliyefika ni mmoja.

Miongoni mwa waliokosekana alfajiri hiyo alikuwamo Tom Campbell Black, ambaye watu wa Kenya walimjua vema, kwani ndiye aliyeshirikiana na Bibi Florence Kerr Wilson kuanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na jina la bibi huyo lingali katika uwanja wa Wilson hata hivi leo. Mwaka 1934 Campbell Black na C.W.A. Scott walikuwa wameshinda mashindano makubwa ya kutoka Uingereza hata Melbourne. Siku 10 kabla ya safari ya Johannesburg alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndani ya eropleni yake ikitambaa ardhini, ndipo eropleni ya jeshi iliyokuwa imetua ikamgonga, akafa. Mtu aliyeruka juu ya jangwa na bahari miaka mingi alifia chini, katika mahali ambapo upepo haukuwa na la kusema.

Yaliyowapata wengine yalikuwa ya namna kwa namna. Wako walioachia njiani kabla ya kuingia Afrika au mara baada ya kuingia. Eropleni ya Llewellyn na Hughesdon iliharibika kandokando ya Ziwa Tanganyika. Iliyobeba watu wanne, wakiongozwa na Max Findlay na Ken Waller, ilishuka Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, karibu na mpaka wetu, ili kujaza petroli. Ilipokuwa ikipaa tena katika hewa ile nyepesi ya nyanda za juu haikupata kimo cha kutosha, ikaanguka, na Findlay pamoja na mtumishi wa simu ya upepo, Morgan, wakafariki. Scott, safari hii akiwa na kijana Giles Guthrie, alifika Johannesburg tarehe 1 Oktoba baada ya muda wa chini kidogo ya saa 53, akapokea pauni 4,000.

Sasa, mashindano yale hayakuwa ya mbio tupu. Kwa kuwa eropleni zilitofautiana nguvu na uzito, iliyo dhaifu ilipewa fidia ya saa, ili rubani mwenye chombo kidogo asiwe ameshindwa kabla ya kuondoka. Na hesabu za fidia za namna hii aghalabu hufanywa kana kwamba hewa imetulia tuli. Na hapa ndipo ilipo ila ambayo msomaji anaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu. Tuchukue eropleni mbili, moja yenda maili 100 kwa saa na nyingine maili 200, na masafa yawe maili 1,000. Katika hewa tulivu ya kwanza itachukua saa 10, ya pili saa 5; basi mpe mnyonge fidia ya saa 5 na wote wawili wako sawa. Uje upepo wa mbisho wa maili 20 kwa saa, na wote wawili waupate ule ule, saa ile ile: yule wa kwanza sasa anakwenda maili 80 tu, atachukua saa 12 na nusu, na yule wa pili atachukua saa 5 na dakika 33. Ukishatoa fidia, mnyonge ameshindwa kwa muda wa karibu saa mbili. Ugeuke upepo huo huo uwe wa nyuma, naye atashinda kwa saa moja na ziada. Upepo ni mmoja, hakuna aliyependelewa, na haki imekwisha kuharibika.

Kwa hivyo wale wasemao kwamba upepo ukiwa sawa kwa wote basi mchezo ni wa insafu, wamesema nusu ya maneno. Lakini nusu hiyo ni nzito. Katika mashindano ya ngalawa huko Unguja au ya majahazi huko Lamu, vyombo hutweka tanga pamoja katika upepo mmoja, na anayeshindwa hana la kuulaumu upepo ila kwa mzaha. Wakuu wa riadha ya dunia waliliona jambo hili vizuri. Na katika mwaka ule ule wa 1936 ndipo walipoweka kanuni kwamba mbio fupi na miruko iliyofanywa katika upepo wa nyuma unaozidi mita 2 kwa sekunde isiandikwe kuwa rekodi. Tazama hekima yake: kanuni hainyang'anyi ushindi, kwa maana waliokimbia bega kwa bega walisukumwa na upepo mmoja, inanyima rekodi peke yake, kwani rekodi humlinganisha mkimbiaji na watu ambao hawakusimama naye siku hiyo. Bob Beamon aliporuka mita 8.90 huko Mexico mwaka 1968, katika mji ulio juu kuliko Mbeya kwa zaidi ya mita 500, kipimo cha upepo kilisoma mita 2.0 barabara, na rekodi ikakubaliwa. Hiyo ndiyo michezo ya Olimpiki ambayo John Stephen Akhwari wetu alimaliza mbio za marathoni hali goti limefungwa bendeji, na sijui kama hewa ya kimo kile iliwahi kuhesabiwa fidia na yeyote.

Gofu ya uwanjani haina upepo mmoja, kwa sababu wachezaji huondoka kwa makundi tangu asubuhi hata alasiri, na huko Uingereza, katika viwanja vya pwani, aliyecheza asubuhi shwari na aliyecheza mchana wa tufani ni kama waliocheza katika nchi mbili. Waandalizi wa shindano lao kuu, liitwalo The Open, hawajaribu kuupima upepo wala kuutolea fidia. Wanachofanya ni kwamba kundi lililoondoka asubuhi siku ya kwanza huondoka mchana siku ya pili, na aliyeondoka mchana huondoka asubuhi, ili balaa likipenda ligawanyike. Mara nyingine haligawanyiki, upande mmoja ukala asali siku zote mbili, na wachezaji hunung'unika kisha hunyamaza, kwa kuwa hakuna mtu wa kushitakiwa.

Katika gofu ya simu mtu huyo yuko. Michezo mingine humpigia kila mchezaji kura yake ya upepo katika kila shimo: wewe unapewa upepo mwanana wa maili 3 mgongoni, mwenzako aliye Iringa, katika shimo lile lile na shindano lile lile, anapewa maili 25 za mbisho, kisha alama zenu zinapangwa katika orodha moja. Wenye kuitetea desturi hii husema kwamba bahati hujisawazisha katika mashimo mengi. Ni kweli katika mashimo mengi, kwa mtu mmoja, msimu mzima. Lakini shindano la mashimo 9 lenye washiriki maelfu halimtafuti mtu wa wastani, linamtafuta wa juu kabisa, na kadiri washiriki wanavyozidi ndivyo inavyozidi yamkini ya kwamba wa juu kabisa ni mmoja wa mahodari waliofunguliwa mlango na kura katika mashimo yote 9. Hodari aliyepata upepo wa kawaida humpati kileleni.

Upepo uliowakabili akina Scott juu ya Afrika haukuwa na mwenyewe. Ambacho kilikuwa na mwenyewe ni hesabu ya fidia, na aliyeiandika angeweza kuulizwa. Katika simu upepo wenyewe umekuwa hesabu, umeandikwa na mtu kwa mkono wake, naye angeweza pasipo gharama yoyote kupiga kura moja kwa kila shimo na kuwapa wote jawabu lake, jambo ambalo hakuna mwandalizi wa gofu ya uwanjani aliyewahi kuwa na uwezo nalo. Asipofanya hivyo ana haja zake, na pengine haja ni kwamba mchezaji dhaifu akionja ushindi wa bahati hurudi kesho. Hiyo ni biashara halali, ila zawadi ikiwa ni fedha, mchezaji ana haki ya kuambiwa kabla ya kulipa kiingilio kwamba upepo atakaoupata si ule watakaoupata wenziwe, na jedwali la pepo zote zilizotolewa libandikwe pamoja na matokeo, kila mtu aone alichopewa jirani yake.