Hatarini Kutoweka au Kunyemelewa na Hatari?

Magazeti yetu humwita kila kiumbe anayepungua "aliye hatarini kutoweka", awe faru au kipepeo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe wa aina hii ina ngazi mbili. "Endangered" ni spishi ambayo tayari imo katika hatari ya kutoweka katika eneo lake lote au sehemu yake kubwa. "Threatened" ni ile inayoelekea kufika huko katika siku zinazoweza kutabirika. Ya kwanza iendelee kuitwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Ya pili napendekeza iitwe spishi inayonyemelewa na hatari. "Inayotishiwa" hainitoshi, kwa kuwa haionyeshi kwamba hatari bado iko njiani.

Kusini-magharibi mwa jimbo la Utah yuko mgugunaji wa jamii ya kindi, mchimba mashimo anayeishi kwa makundi. Wamarekani humwita mbwa wa nyika kwa sababu ya mlio wake. Karne iliyopita alitegewa sumu kwa wingi, na tauni inayoenezwa na viroboto ikazidi kumpunguza. Mwaka 1973 aliwekwa ngazi ya hatarini. Mwaka 1984 akahamishiwa ngazi ya kunyemelewa. Lakini orodha ya shirika la kimataifa la IUCN bado inamweka hatarini, na humo "threatened" ni jina la jumla linalobeba ngazi tatu. Hapo "kunyemelewa" hakufai kabisa. Mfasiri aulize kwanza neno limetoka orodha ipi.

Hawaii nako kuna kangaga liitwalo kihi, ambalo majani yake huning'inia kwenye magome ya miti, hasa ohia. Nguruwe mwitu hufukua misitu yake, magugu ya kigeni huisonga, na mwaka 2014 ilithibitishwa kuwa kuvu fulani ndiyo inayoua miti ya ohia yenyewe. Kangaga hili limekuwa katika ngazi ya hatarini tangu 1994.

Msomaji atadhani basi kangaga ndilo linalolindwa zaidi. Sivyo, na jambo hili linaniuma. Ngazi hupima ukaribu wa kutoweka, haipimi uzito wa ulinzi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kuwa serikali kuu inaweza kumlinda yule mgugunaji hata katika shamba la mtu binafsi. Mmea hauna kinga hiyo: sheria ya 1973 inakataza kuung'oa katika ardhi ya serikali kuu, lakini kwenye ardhi binafsi hutegemea sheria ya jimbo. Hawaii inayo sheria yake. Jimbo lisilo nayo humwachia mwenye shamba uamuzi wa kung'oa.