SOMO LA REDIO: MANENO YA KUSHINDA NA KUSHINDWA

Somo hili ni lenu nyote mliokusanyika mbele ya redio, na hasa ninyi wa Makere, katika njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Wekeni daftari na kalamu tayari. Leo tutasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maneno machache tunayoyasikia kila tunapotangaziwa matokeo ya mchezo au ya mtihani.

Andikeni kwanza neno hili: SHINDA. Hili ni neno la Kibantu. Jirani zenu wa Burundi husema gutsinda, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hamtaliona kuwa geni. Basi mjue ya kwamba watu wetu walishindana, wakashinda na kushindwa, kabla ya kuazima neno kwa mtu yeyote.

Chini yake andikeni maneno manne: FUZU, STAHILI, HASARA, SULUHU. Haya yote asili yake ni Kiarabu. Je, yalifikaje huku milimani?

Yalianza pwani, ambako Waarabu na Waswahili walifanya biashara na kusoma dini pamoja kwa karne nyingi. Kisha katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha tangulia. Misafara hiyo ilirudi na pembe za ndovu, na, jambo la kusikitisha, ilirudi na watumwa pia. Wapagazi walikuwa wa makabila mengi, na lugha ya njiani ilikuwa Kiswahili. Mtu aliyeuza chakula au chumvi ya Uvinza kwa msafara ilimpasa kujua maneno ya sokoni: hesabu, faida, deni, hasara. Yote ni ya Kiarabu. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na maneno yakapata njia nyepesi zaidi.

Lakini neno likihama, mara nyingi hubadili kazi. Tuyatazame moja moja.

La kwanza, HASARA. Mwarabu husema khasira, yaani amepata hasara. Neno hilo hilo hulitumia kwa mchezaji aliyeshindwa. Sisi tuliliacha sokoni, kwa sababu uwanjani tulikuwa na neno letu, kushindwa. Angalieni matamshi: ni kh, sauti itokayo kooni. Msiseme hasira. Hasira ni jambo lingine, ingawa aliyeshindwa aghalabu huwa nayo. Na hilo neno aghalabu, lenye maana ya mara nyingi, ni ndugu wa neno la Kiarabu ghalaba, yaani amemshinda mwenzake.

La pili, FUZU. Mwarabu husema faaza, ameshinda, na yafuuzu, anashinda. Sisi twalitumia kwa kufaulu mtihani, na kwa timu kupata nafasi ya kuingia katika mashindano makubwa. Hapa pana mtego. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dar es Salaam, timu ya taifa ya Tanzania iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0, ikafuzu kwenda Kombe la Afrika mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Huko Misri ilicheza mara tatu, na mara zote tatu ikashindwa. Basi ilifuzu, lakini haikushinda kombe. Ukimwambia Mwarabu kwamba Tanzania “faazat” katika Kombe la Afrika, atakuuliza kombe liko wapi! Yeye kwa kufuzu husema ta'ahhala, yaani amejipatia haki ya kuingia.

Hilo latupeleka kwenye neno la tatu, STAHILI. Ta'ahhala na stahili ni ndugu wa tumbo moja. Aliyefuzu, kwa Kiarabu, ni yule anayestahili kuingia.

La nne, SULUHU. Kwa Kiarabu, sulh ni amani baada ya ugomvi. Nasi twalitumia hivyo, tunapowasuluhisha majirani waliogombania mpaka wa shamba. Lakini waandishi wetu wa michezo wamelipa kazi mpya: timu mbili zisipofungana hata bao moja, huandika kwamba zimetoka suluhu. Mwezi wa Januari 2024, katika Kombe la Afrika huko Ivory Coast, Tanzania na Zambia zilitoka sare bao 1 kwa 1, na Tanzania na Kongo zikatoka suluhu. Mwarabu kwa yote mawili husema ta'aadala, kutokana na adl, haki iliyo sawasawa, ambayo imetupa sisi neno uadilifu.

Jambo moja zaidi. Kiarabu hutenganisha mwanamume na mwanamke: faaza ni yeye mwanamume, faazat ni yeye mwanamke. Nchi nyingi, na Tanzania mojawapo, huhesabiwa kama mwanamke. Kiswahili husema “ameshinda” kwa wote wawili.

Sasa turudi darasani. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Serikali ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa nchi nzima. Wasiojua walihesabiwa kuwa 39 katika kila 100. Wako waliofuzu, na wako ambao hawakufuzu. Kwa Kiarabu, aliyeshindwa mchezoni huitwa jina moja na mfanya biashara aliyepoteza mali. Kwa Kiswahili sivyo, na sisi twaona Kiswahili kimesema vema. Mtu asiyefuzu ameshindwa siku ile, lakini hakupata hasara. Herufi alizojifunza anazo bado, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Kesho atafanya mtihani tena.

MAZOEZI
1. Andika tofauti ya kufuzu na kushinda. Toa mfano wako mwenyewe.
2. Mwarabu akisema khasira, yaweza kuwa na maana gani mbili?
3. Taja maneno matatu ya sokoni yaliyotoka katika Kiarabu.
4. Soma matokeo ya michezo katika gazeti, kisha andika sentensi mbili ukitumia sare na suluhu.

Someni kwa zamu, na anayejua amsaidie asiyejua. Kwaherini mpaka somo lijalo.