Mishipa ya miguu iliyoziba na tiba isiyohitaji upasuaji mkubwa

MARADHI ya kuziba kwa ateri za miguu hutokea mafuta yanapojikusanya kwenye kuta za mishipa inayopeleka damu miguuni. Njia hupungua upana, na misuli ikakosa oksijeni ya kutosha.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni maumivu ya kigimbi yanayoanza mtu anapotembea na kutulia anapopumzika. Ugonjwa ukikomaa, mguu huuma hata kitandani, vidonda vya vidole hukataa kupona na nyama huanza kuoza. Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara na wagonjwa wa kisukari.

Zamani, aliyefikia hatua hiyo alifanyiwa upasuaji mkubwa au akakatwa mguu.

Mnamo Januari 16, 1964, Dkt Charles Dotter, mtaalamu wa eksirei mjini Portland, Marekani, alimtibu ajuza wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Alipenyeza mirija myembamba iliyozidiana unene katika mshipa wa paja, akaipanua sehemu iliyosongwa. Kidonda kilipona, na bibi huyo akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye.

Mnamo 1974, Dkt Andreas Grüntzig, mjini Zurich, Uswisi, aliiboresha mbinu hiyo kwa kutumia puto.

Siku hizi mgonjwa hudungwa ganzi kinenani, mara nyingi akiwa macho. Daktari huingiza waya mwembamba akiongozwa na picha za eksirei, kisha mrija wenye puto dogo. Puto likijazwa, hutanua mshipa. Wakati mwingine kimrija cha wavu wa chuma huachwa ndani kuuzuia usijifunge. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo au inayofuata.

Hata hivyo, mshipa waweza kuziba tena, hasa chini ya goti, na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane pichani yaweza kudhuru figo. Aidha, mgonjwa hana budi kuacha sigara na kutumia dawa alizoandikiwa.

Uchunguzi wa awali ni rahisi: presha ya kifundo cha mguu hulinganishwa na ya mkono. Matokeo yakiwa chini ya 0.9, yaelekea ateri imesongwa.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, hiyo ni dharura. Saa chache tu zaweza kuamua iwapo utaokolewa au utakatwa.