Chupa ya Maji ya Kijani

Mwaka wangu wa pili kazini nilipangiwa zamu ya usiku peke yangu katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya mkoa. Kwenye kitanda cha mwisho, pembeni ya dirisha, alilazwa mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Kila nilipopita aliniuliza jambo moja tu: "Nesi, bado hakujakucha?" Nilikuwa na panadol na diklofenaki. Kwenye kabati la DDA, ambamo dawa kali hufungiwa, zilikuwamo ampuli chache za pethidini, lakini mwenye ufunguo alikuwa ameshakwenda nyumbani. Mama yake mzazi alikaa sakafuni, kajitanda kanga, viganja vimeziba masikio. Ilipofika saa tisa nikaanza kupitia upande wa pili wa wodi ili nisikutane na macho ya yule mgonjwa. Sasa nimestaafu, na katika yote niliyowahi kufanya kazini, kuzunguka kule ndiko kunakoniuma zaidi.

Naanza na usiku ule kwa kuwa nataka kusimulia habari ya chupa moja ya dawa, na asiyejua kulikuwaje kabla ya chupa hiyo hataona ukubwa wake. Ni chupa ya plastiki. Ndani mna maji ya kijani, machungu. Huduma inayokwenda nayo tunaiita tiba shufaa, na waliolichagua jina hilo walichagua vyema. Shufaa, kwa aliyelisikia neno hilo msikitini au madrasa, ni uombezi: mtu kusimama kumtetea mwenzake asiyeweza kujitetea.

Habari yenyewe inaanzia London, kwa muuguzi. Cicely Saunders alizaliwa 1918, akasomea uuguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgongo ukamshinda, akageukia ustawi wa jamii hospitalini. Huko akamhudumia David Tasma, Myahudi wa Poland aliyekimbilia Uingereza na kansa ikamkuta ugenini. Wawili hao walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu wa hali ile angeweza kumalizia siku zake kwa utulivu. Tasma alipofariki mwaka 1948 alimwachia Saunders pauni 500, akamwambia ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Nyumba hiyo, hospisi ya St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Dirisha lilitangulia nyumba kwa miaka 19. Katika miaka hiyo Saunders alirudi darasani akasomea udaktari, akahitimu akikaribia umri wa miaka 40.

Alichokileta kinaelezeka kwa maneno machache, nami natamani kila muuguzi akijue kabla ya kukabidhiwa wodi: dawa ya maumivu hutolewa kwa saa, haingoji kilio. Desturi ya zamani ilikuwa kumsubiri mgonjwa alie ndipo achomwe sindano. Sindano ikiisha nguvu analia tena, na katikati anaishi kwa hofu ya maumivu yajayo. Saunders aliona katika nyumba za watawa na wauguzi wa London kwamba ukimpa morfini ya kunywa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi, hofu inakwisha, mtu anakaa kitandani anazungumza na wanawe. Alisema pia kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nyingi: mwili, moyo, familia, imani. Hapo mimi humkumbuka yule mama wa dirishani. Siwezi kusema kwa hakika kilio chake cha usiku kilikuwa cha mwili kiasi gani, na kiasi gani kilikuwa cha watoto aliowaacha kijijini. Sikuwahi kumuuliza. Ningemuulizaje, na kila neno lake lilikatwa na maumivu?

Barani Afrika mbegu hiyo ilichelewa. Hospisi ya kwanza, Island Hospice, ilianza mwaka 1979 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Hospisi ya Nairobi ilianza 1990, katika eneo la Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake wa mwanzo, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alikuwa amefanya kazi Nigeria miaka kumi akiwa mtawa, kisha akaenda Singapore. Mwaka 1993 akavuka kwenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda. Alikuwa na fedha za kuwatosha watu watatu kwa miezi mitatu, na Land Rover iliyokwishatumika. Wakapewa nafasi katika Hospitali ya Nsambya, baadaye wakahamia Makindye. Uganda ya miaka ile ilikuwa imeelemewa na UKIMWI, na wagonjwa wengi walikuwa majumbani, wakiuguzwa na bibi zao au watoto wa shule.

Merriman aliweka sharti kabla ya kuanza: morfini ya kunywa iruhusiwe kuingia nchini. Serikali ikakubali. Mchanganyiko wenyewe alikuwa ameufanyia kazi pamoja na wafamasia huko Singapore, nao ni rahisi kiasi cha kushangaza. Unachukua unga wa morfini, unapima kwa mizani, unachanganya na maji safi, unatia kihifadhi ili usiharibike, na rangi ili mtu asikosee nguvu ya dawa. Kijani ni miligramu 5 katika kijiko cha mililita 5. Waridi ni 50. Bluu ni 100. Hapo mwanzo vifaa vilikuwa vya jikoni, na dawa iligawiwa katika chupa za maji ya kunywa zilizosafishwa. Maumivu yaliyowashinda wenye majengo makubwa yakatulizwa na chupa ambayo mtoto wa jirani angeiokota akachezea.

Nilipoishika kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshatimiza miaka kadhaa kazini, nimepelekwa kwenye mafunzo. Mkufunzi alinimiminia kiasi katika sirinji isiyo na sindano, akaniambia nimfundishe binti wa mgonjwa kuvuta mpaka kwenye mstari. Yule binti alikuwa na miaka kama 14. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, ya pili ukatulia. Tukamwandikia saa kwenye karatasi ya daftari: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ya saa 4 usiku ni kipimo maradufu, ili mgonjwa alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Binti akauliza, "Na mimi nitalala?" Nikamwambia ndiyo, na wewe utalala. Hicho kipimo cha usiku kiliwekwa kwa ajili yake sawasawa na mama yake, maana anayeuguza asipolala wiki tatu naye huwa mgonjwa, na nyumba inabaki na wagonjwa wawili.

Walitufundisha mengine mawili ambayo sijawahi kuyasahau kwa namna yalivyokuwa ya kwetu. La kwanza: morfini hufunga choo, na mahali pasipo na dawa ya kulainisha, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zinasaidia. La pili ni juu ya vidonda. Kansa ya titi au ya mlango wa kizazi ikitoboka hutoa harufu ambayo humfukuza hata mume mwenye mapenzi. Nimeona mgonjwa akiwekewa chakula mlangoni. Vidonge vya flajili, hivi hivi vya kawaida vya tumbo, vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, harufu hupungua sana kwa siku chache. Nilimfanyia hivyo mgonjwa mmoja kwake Temeke. Nilipomrudia, mjukuu wake alikuwa amelala ubavuni mwake kitandani, kampandishia mguu. Kidonda kilikuwa palepale, na kansa ilikuwa palepale. Mtoto alikuwa amerudi.

Hapa Dar es Salaam chupa ya kijani inakumbukwa kwa jina la Ocean Road. Jengo lile la ufukweni Wajerumani walilimaliza mwaka 1897 kuwa hospitali ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na yao, iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji, aliyefariki mwaka huohuo wa 1897 na ambaye jina lake lipo hadi leo kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Ocean Road ikapitia mikono mingi, ikawa hospitali ya wazazi, ikaingia tiba ya mionzi, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2013 ikaitwa Barack Obama, lakini mgonjwa anayeshuka basi kutoka Kigoma bado anauliza Ocean Road iko wapi. Mahali palipojengwa ili mzee wangu asiingie, leo hulala mkulima wa Rukwa akitazama bahari ileile. Kila nikipita pale hilo hunipa faraja.

Kikwazo kikubwa kwetu kilikuwa hofu, tena hofu ya watu wema. Mtaani Dar es Salaam "unga" ni heroini. Ukimwambia baba kwamba dawa ya mwanawe inatengenezwa kwa unga, anarudi nyuma hatua moja: mnataka kumfanya mwanangu teja? Madaktari nao waliogopa, kwa maneno ya kitaalamu zaidi. Na mzee wa ukoo alipoona chupa ya kijani alidhani ndiyo hukumu ya mwisho. Dawa hii hutolewa kwa maumivu, si kwa kifo. Wapo walioinywa miezi, wakarudi shambani. Mtu mwenye maumivu makali akipewa kwa kipimo na kwa saa, ni nadra sana awe teja. Nimewapa wengi sana, na hao ndio ushahidi wangu.

Uganda ilipiga hatua nyingine mwaka 2004. Sheria ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliohitimu mafunzo maalumu ya miezi tisa kuandika morfini wao wenyewe. Waliotunga kanuni ile walimjua muuguzi wa wilayani, anayebaki na mgonjwa daktari akishaondoka. Huwa tunasikia habari ya wauguzi wakali, wenye maneno makavu, na malalamiko hayo mara nyingi ni ya haki. Lakini mtu anayesikia kilio miaka kumi akiwa mikono mitupu hujifunza kutosikia. Ukali mwingine ulizaliwa hapo. Nilipokabidhiwa kitu cha kumpa mgonjwa, niliacha kuzunguka wodi. Nilianza tena kukaa ukingoni mwa kitanda, kuuliza watoto wangapi, wanasoma wapi, shamba amemwachia nani. Wenzangu niliofanya nao kazi waliniambia hivyohivyo.

Saunders alifariki mwaka 2005, katika hospisi aliyoianzisha. Merriman alifariki Kampala mwezi Mei 2025, akiwa na miaka 90.

Msomaji, kama nyumbani kwako yupo anayelia usiku kwa kansa au maradhi mengine makubwa, usikubali kuambiwa hakuna la kufanya. Nenda hospitali, uliza kwa jina: tiba shufaa. Wakikuambia hawana, uliza ya karibu iko wapi, na uulize tena kesho yake. Chukua daftari na kalamu, uandike zile saa tano za dawa.