Mchango wa Paulo kwa Yerusalemu

Mchango wa Paulo kwa Yerusalemu ni fedha ambazo Mtume Paulo alizikusanya katika makanisa aliyoyaanzisha ili kuwasaidia Wakristo maskini wa Yerusalemu, katika miaka ya 50 baada ya Kristo. Habari zake zimo hasa katika barua zake mwenyewe: 1 Wakorintho 16, 2 Wakorintho 8 na 9, na Warumi 15.

Chanzo chake ni dhiki na pia makubaliano. Uyahudi ulikumbwa na njaa wakati wa Kaisari Klaudio (41–54). Mwanahistoria Yosefu anasimulia jinsi Malkia Helena wa Adiabene alivyonunua nafaka Misri na tini kavu Kipro ili watu wa Yerusalemu wapate chakula. Kitabu cha Matendo ya Mitume nacho kinasema kanisa la Antiokia lilipeleka msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli, yaani Paulo mwenyewe. Baadaye Yakobo, Kefa (Petro) na Yohana, viongozi wa kanisa la Yerusalemu, walipokubali kwamba Paulo aende kwa mataifa, walimwomba awakumbuke maskini (Wagalatia 2:10). Wataalamu wengi wanauona mchango huu kuwa ndilo jibu la ombi hilo. Kwa Paulo ulikuwa pia deni: watu wa mataifa wameshiriki mambo ya kiroho ya Wayahudi, basi nao wawahudumie kwa mali.

Utaratibu aliowapa Wakorintho ni mwepesi. Siku ya kwanza ya kila juma, kila mtu aweke kando nyumbani kwake kadiri alivyofanikiwa, ili Paulo akifika pasiwe na pilikapilika za kuchangisha. Wapelekaji wangechaguliwa na kanisa lenyewe na kupewa barua. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza sababu ya tahadhari hiyo bila kuzunguka: kiasi ni kikubwa, na hataki mtu yeyote apate la kumlaumu. Ndiyo maana alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyeteuliwa na makanisa. Mweka hazina yeyote wa kigango au usharika atauelewa woga huo mara moja; cha ajabu ni kwamba sehemu hii ya barua husomwa kwa nadra kuliko zile za kuhimiza.

Wakorintho walianza kwa ari, kisha wakalegea. Paulo alikuwa ameshajisifu kwa Wamakedonia kwamba Akaya, jimbo la Korintho, ilikuwa tayari tangu mwaka uliotangulia, na sasa Wamakedonia hao hao huenda wangefuatana naye hadi Korintho na kukuta hakuna kitu. Anawaambia waziwazi kwamba hiyo ingekuwa aibu yake na yao. Anawaonyesha pia kuwa Wamakedonia, waliokuwa fukara na wenye kuteswa, ndio waliomsihi wapewe nafasi ya kutoa. Hoja yake kuu, hata hivyo, ni Kristo aliyeacha utajiri na kuwa maskini kwa ajili yao. Amri hatoi, anasema hivyo mwenyewe.

Fedha hizo zilisafiri yapata mwaka 57. Matendo 20:4 inawataja wasafiri kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia, ambao kwa kawaida hudhaniwa kuwa wajumbe wa makanisa yaliyochanga. Paulo alikuwa na hofu: katika barua kwa Warumi anaomba waumini wamwombee ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu. Je, ilikubaliwa? Kitabu cha Matendo hakisemi. Kinasimulia jinsi alivyokamatwa hekaluni, kisha mbele ya Liwali Feliki akataja kwa kupita tu kwamba alikuwa ameliletea taifa lake sadaka.

Mkondo wa fedha hizo ulitoka kwa makanisa machanga kwenda kwa kanisa mama. Katika karne ya 20 Afrika Mashariki iliuzoea mkondo wa kinyume, hadi John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) alipopendekeza mwaka 1971 kwamba fedha na wamisionari kutoka ng'ambo visitishwe kwa muda. Kaulimbiu ya kanisa lake ikawa "Jitegemea".

Leo 2 Wakorintho 9:7, inayomsifu mtoaji mwenye furaha, hutajwa sana kabla ya kikapu kupita, Jumapili ya mavuno na kwenye harambee za ujenzi. Mara nyingi kinachotolewa huishia palepale: mabati, vipaza sauti, ukuta wa uzio. Ni mahitaji halali, ila Wakorintho walikuwa wakiombwa kuwapa watu wa mbali ambao wengi wao wasingewaona maishani. Wahubiri wengine huziunganisha sura hizo na fungu la kumi, lakini Paulo halitaji humo hata mara moja. Kipimo anachokiweka ni kile mtu alicho nacho.