Nusu na Kitu Kidogo

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2013, siku tano baada ya watu kupiga kura, tume ilitangaza pale Bomas of Kenya namba iliyogawanya nchi: Uhuru Kenyatta, asilimia 50.07. Katiba ya 2010 inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Kwa hivyo kura zisizofika elfu kumi, kati ya zaidi ya milioni 12, ndizo zilizoamua kama tutarudi debeni au la.

Wasiwasi ulikuwa na sababu. Kumbukumbu za 2007 zilikuwa bado mbichi. Vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima katika vituo vingi, na mitambo ya kutuma matokeo ikakwama. Nani basi angekagua hesabu ya tume?

Kulikuwa na jaribio moja. Waangalizi wa ELOG walichagua kwa bahati nasibu vituo karibu 1,000 kati ya takriban 33,000, wakakusanya matokeo ya kila kituo na kupiga hesabu yao wenyewe. Wakapata Uhuru 49.7, ongeza au punguza 2.7. Yaani kati ya 47.0 na 52.4. Ukitaka kubishana mtaani, namba hiyo inakupa silaha za pande zote mbili: 50.07 iko ndani, lakini 49.7 si nusu.

Tuifungue pole pole. Ile 2.7 ipo kwa sababu vituo vingine 1,000 vingeleta jibu tofauti kidogo. Ukirudia zoezi mara 100, kila mara na vituo vipya, mipaka ya aina hiyo itaizingira namba ya kweli karibu mara 95. Huo ndio uhakika wa asilimia 95. Ni sifa ya njia iliyotumika, si ahadi kuhusu jibu moja.

Sasa z. Gawa 2.7 kwa 1.96, unapata kama 1.38: hiyo ni hatua moja ya kosa la sampuli. Z inauliza tu, tumesonga hatua ngapi? Kutoka 49.7 hadi 50.07 ni 0.37. Gawa kwa 1.38, z ni 0.27, kama robo ya hatua. Ingekaribia 2 ndio tungeshtuka. Kwa hivyo hesabu ya tume haikugongana na sampuli. Shida ni kwamba mstari wa 50 nao ulikuwa umbali wa z 0.22 tu. Sampuli haikuweza kusema kama ulivukwa.

Na haingeweza. Kupunguza kosa kwa nusu kunahitaji vituo mara nne. Kulishusha kutoka 2.7 hadi 0.07 kungehitaji vituo mara 1,500 hivi, yaani kama milioni moja na nusu. Nchi nzima haikuwa navyo. Hapo hakuna sampuli tena, ni kuhesabu kila karatasi.

Miaka minne baadaye tuliona kitu kingine ambacho sampuli haikioni. Kadirio la ELOG la 2017 liliafikiana na 54.27 za tume, lakini tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta uchaguzi wa urais. Majaji wengi walishikilia kwamba uchaguzi ni mchakato, si namba ya mwisho tu. Sampuli hukagua kujumlisha. Haijui karatasi zilipitia mikono gani.

Mwaka 2022 mstari wa 50 ukarudi. ELOG walimpa William Ruto 50.7, ongeza au punguza 2.1, tume ikasema 50.49. Makamishna wanne wakaja Serena na hoja kwamba asilimia zilizotangazwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni zaidi ya kura 140,000. Piga hesabu kwa simu yako: asilimia 0.01 ya kura milioni 14 ni kama 1,400. Na yenyewe ilizaliwa na kufupisha desimali, haikuwa kura za mtu.

Kwa hivyo 2027 ikifika na mtu akurushie asilimia, muulize mipaka yake. Mstari wa 50 ukiwa ndani, sampuli imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni Fomu 34A, zile ambazo mwaka 2022 yeyote mwenye bando aliweza kuzifungua kwenye tovuti ya tume, moja baada ya nyingine.